Kahawa Niliyoipeleka kwenye Hadubini

Tulimzika Mama Koku mwezi uliopita, katikati ya migomba yake mwenyewe, mwendo mfupi kutoka barabara kuu ya Omurushaka. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo ukatuganda viatuni, kila mtu akawa mrefu kidogo kuliko alivyozaliwa. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, mgongo ukiniuma, nikisikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa na kijana ambaye hakumjua. Mcha Mungu, alisoma. Sawa. Mkulima hodari. Hilo nalo sina ubishi nalo. Mpenda watu. Hapo nikainua kichwa. Mama Koku hakuwapenda watu hivi hivi tu. Aliwachunguza kwanza, na ukipita katika uchunguzi wake ndipo alipokupa sahani. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo, maana nami ni mtu wa kushuku. Bei ikishuka nashuku. Mtu akinisifu kabla hajanisalimia nashuku. Daktari kijana akiniambia shinikizo langu la damu liko vizuri namwomba apime tena, na apime mkono wa pili. Watu husema kazi ya maabara ndiyo iliyoniharibu, lakini tabia ilitangulia kazi.

Baada ya kaburi kufukiwa, Koku, binti wa marehemu, ambaye siku hizi naye ni mama mzima mwenye mvi zake, alipita na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Kwa asiyetujua, hizi si za kunywa. Huchumwa zikiwa bado kijani, zikachemshwa na majani ya kunukia, zikaanikwa juani hadi zikauke, na mgeni akibisha hodi kwako humpa chache hata kabla ya maji. Tena mwenyeji huchukua yake kwanza, akaitafuna mbele ya macho yako, ndipo akunyooshee na wewe. Kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ni hivyo hivyo: anayekukaribisha ndiye anayeanza kunywa. Wazee wanakwambia ni heshima. Ni heshima kweli, ila ni heshima iliyozaliwa na hofu ya sumu, na sijaona ubaya wake. Koku alitafuna yake, macho yamemvimba kwa kulia, akaniwekea moja kiganjani. Nikaifumbata, sikuila. Nilikuwa nimeikumbuka kahawa nyingine, ya miaka mingi iliyopita, niliyopewa na mwanamke ambaye hakuonja kwanza.

Ulikuwa mwaka ambao Kyerwa haijawa wilaya, sote tukiitwa Karagwe. Nilikuwa nimetoka kwetu Songambele, upande wa Kyerwa, na begi moja, kuja kujifunza kazi ya maabara katika zahanati ya mtu binafsi pale Omurushaka. Haipo tena, pale sasa wanauza mabati. Nilipanga chumba uani kwa Mama Koku. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia gauni, na ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole. Koku mwenyewe alikuwa akisoma bweni, kwa hiyo mama yake alinifanya mimi mtu wa kumenya naye ndizi. Tulikuwa tunakaa jikoni kwenye vigoda, utomvu wa ndizi ukitugandisha vidole, yeye akisimulia nani kanunua nini na kwa nini hapaswi kuaminiwa. Chakula chetu kilikuwa ndizi na maharage, Jumapili ndizi na dagaa, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika tulikula senene mpaka mikono ikanuka senene kanisani. Nikiwaza ujana wangu, pua yangu hurudi kwanza kwenye jiko lile.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Umeme haukuwepo, hivyo hadubini ilikaa mezani dirishani, na chini yake kulikuwa na kioo kidogo cha kunasa mwanga wa jua na kuupandisha hadi kwenye slaidi, kile kipande cha kioo kilichopakwa damu. Siku ya kwanza mkuu wangu, Bwana Respicius, aliponiruhusu kuinama na kutazama, nilishtuka. Damu ya mtu, niliyodhani ni wekundu tu, ilikuwa uwanja mzima wenye vitu vyake, na ndani yake alikuwemo kijidudu cha malaria, mwenye umbo la pete, kama alivyochorwa kitabuni. Hakuna aliyenisimulia, hakuna aliyeapa kwa jina la mama yake. Nilimwona mwenyewe. Kwa mtu wa kushuku, hadubini ni ndugu. Niliipenda kazi ile siku hiyo hiyo, kwa upendo ambao sijawahi kumpa mwanamume yeyote, na naomba marehemu mume wangu anisamehe.

Tatizo lilikuwa kichwa changu. Nilikuwa naweza kuinama kwenye hadubini, jicho liko wazi, na mimi sipo. Niko Songambele. Niko sokoni. Naujibu upya ugomvi wa juzi, safari hii nashinda. Damu inapita mbele ya jicho langu kama migomba inavyopita dirishani mwa basi. Bwana Respicius alikuwa na desturi ya kuzirudia slaidi zangu, na hakuhitaji kupandisha sauti.

"Devota, hii umesema haina kitu?"

"Ndiyo, bwana. Sikuona kitu."

"Uliangalia?"

"Niliangalia."

"Najua uliangalia. Macho yako yalikuwa hapa, wewe mwenyewe ulikuwa kwenu unapalilia maharage." Alisukuma kiti nyuma. "Mkaguzi anakuja senene wakishaisha. Atakuwekea slaidi zake mezani. Ukikosea, sitamwandikia mtu yeyote kwamba wewe unafaa kwenda chuoni. Nitakubebea begi mwenyewe mpaka kwenye gari la Kyerwa."

Nililia siku ile, si kwa kuonewa, bali kwa sababu alisema kweli. Nilijaribu kujifinya paja nikiwa nasoma slaidi. Nilijaribu kusali. Nilijaribu chai ya rangi kali isiyo na sukari. Akili ilikuwa inatoka bila hata kuaga.

Ndipo akahamia dada Leokadia, chumba cha pili, nyuma ya ule ukuta mwembamba. Alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, mpole, anayevaa sweta hata jua likiwaka. Miaka ile wageni wa mashirika ya misaada walikuwa wengi kwetu, na magari yao meupe, na yeye aliajiriwa na mradi mmoja kukaa na wakimbizi waliopitia mambo mazito, awasikilize. Mama Koku hakuielewa kazi hiyo. "Analipwa kwa kusikiliza? Mbona mimi nasikiliza bure tangu nizaliwe?" Lakini lililomkosesha raha zaidi ni kimya cha asubuhi. Kila kukicha, kabla chai haijaiva, dada Leokadia alikuwa anafunga mlango wake, na nyuma ya mlango hakukuwa na sauti. Mimi mwenyewe niliweka sikio ukutani, nakiri, tena siku zaidi ya moja. Hakukuwa na sala, wala redio, wala mtu anayekunja nguo.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema Mama Koku, akitupa maganda kwa mbuzi. "Nilichungulia. Amekaa chini, mgongo wima, mikono magotini. Halali, hasali, hasemi. Sasa anangoja nini?"

"Labda anapumzika, Mama Koku."

"Anapumzika kwa kazi gani? Hata jembe hana, bojo, mwanangu."

Sikumbishia, kwa sababu nami nilikuwa na yangu moyoni. Mtu anayenyamaza muda wote ule, kichwa chake kinazungumza na nani? Kanisani tulikuwa tumefundishwa kwamba nyumba ikiachwa tupu, shetani hurudi na wenzake. Nilianza kuingia bafuni kwa kuzunguka nyuma ya jiko, nisipite mlangoni kwake.

Jumamosi moja mchana alinikuta nimekaa kizingitini mwa chumba changu, nimetoka kukemewa tena. Hakuuliza nina nini, kuta zilikuwa zimeshamwambia. Alisema tu, "Mdogo wangu, hiyo akili inayotoka, inafundishika. Mimi yangu ilikuwa mbaya kuliko yako. Njoo nikuonyeshe zoezi moja, si refu." Nilienda. Mtu aliyekata tamaa huenda hata pale anapopashuku. Chumba chake kilikuwa na mkeka, kitanda kilichotandikwa kama cha wodini, na hewa ya mafuta ya nazi. Tulikaa mkekani. Akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akakifungua, akachukua kahawa moja ya kutafuna na kuniwekea kiganjani. Yeye hakuchukua.

"Usiile," alisema. "Ishike tu. Itazame kama hujawahi kuiona. Kisha fumba macho, uisikie kwa kidole, uinuse. Akili ikitoka, irudishe kwenye kahawa."

Leo nikisimulia, wajukuu wanacheka. Lakini fikiria. Mgeni tusiyemjua, anayenyamaza asubuhi nyuma ya mlango, amenipa kahawa bila kuonja, halafu ananiambia nifumbe macho! Yeye hakujua. Kwao Mbeya kahawa wanailima na kuiuza, hawana desturi ya kumkaribisha nayo mtu. Aliona kitu kidogo kinachopatikana kila duka akadhani kinafaa kwa zoezi, kumbe miongoni mwa vitu vyote vya Karagwe amechagua kimoja ambacho kina sheria yake. Nilifumba jicho moja. La kushoto nikaliacha wazi kama ufa wa mlango, nikimwangalia. Naye alikuwa amefumba yote mawili, anapumua taratibu, uso hauna habari na mimi. Aliposema, "Sasa unaweza kuitia mdomoni," nilipeleka mkono mdomoni, nikatafuna hewa, kahawa nikaiteremsha kwenye mkono wa sweta langu.

Siku ya kazi iliyofuata, mchana, Bwana Respicius alipokwenda kula, nilifunga mlango wa maabara. Nikaikwangua ile kahawa kwa wembe, nikaweka unga wake kwenye slaidi, tone la maji juu, nikainama. Nilikuwa natafuta sumu. Sumu inafananaje chini ya hadubini sikujua, na kitabu hakikusema, lakini niliamini nikiiona nitaitambua. Nikakwangua ganda, nikatazama. Nikakwangua ndani, nikatazama. Nikageuza kioo kifuate jua. Ganda lilikuwa na vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, vimepangana, na katikati ya buni kulikuwa na matone ya mafuta yanayong'aa. Nikainusa, nikaipitishia ukucha. Sikwenda Songambele, wala sokoni, wala sikugombana na mtu kichwani. Niliposhtuka, Bwana Respicius alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kofia.

"Nimebisha hodi mpaka nikachoka," alisema. "Unasoma nini?"

"Kahawa, bwana."

Alinitazama, akaitazama slaidi, akanitazama tena. "Basi hata kama ni kahawa. Leo umekaa." Akaenda kunawa mikono.

Nilibaki nimeduwaa pale kwenye kiti. Itazame kama hujawahi kuiona, uisikie, uinuse. Nilikuwa nimefanya zoezi lake lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, nikidhani namkamata. Nilikasirika kwanza, kama mtu aliyeuziwa kitu bila kujua. Halafu nikacheka peke yangu, mpaka mgonjwa aliyekuwa akingoja nje akachungulia.

Jioni nilimwendea nikamwambia wazi. "Dada Leokadia, kwetu anayetoa kahawa hutangulia kula. Usipotangulia, mtu atadhani unataka kumuua." Uso ulimbadilika. Akauliza, "Na wewe ulidhani hivyo?" Nikasema ndiyo. Nikamweleza hadi habari ya wembe na hadubini. Nilitegemea atakasirika. Alijifunika uso kwa sweta, akacheka mpaka akalia, kisha akachukua kahawa, akaitafuna mbele yangu kwa madaha ya bibi harusi, ndipo akanipa yangu. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, ingawa nusu nusu. Alinifundisha kukaa na kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka. "Akili ni mbuzi," alikuwa akisema. "Akiingia shamba la jirani, mrudishe polepole. Ukimpiga atakimbilia mbali zaidi." Mimi miaka yote nilikuwa nampiga. Nilijifunza kusema moyoni, nimetoka, nimerudi, bila kujitukana katikati. Jicho langu la kushoto lilibaki wazi kidogo kila tulipokaa. Alilijua. "Jicho moja latosha kwa leo," aliniambia, kila mara, na hakuwahi kudai la pili.

Siku hizi mambo haya yamekuwa maneno ya mjini. Mpwa wangu ana simu inayomwamuru avute pumzi, kwa sauti ya mwanamke anayezungumza kama amelewa usingizi, na inamwahidi utajiri, ngozi laini na ndoa. Nikisikia hivyo tabia yangu inaamka. Mimi sikupata utajiri. Sikugeuka malaika, hata huyo mpwa atakuambia. Nilichopata ni kitu kidogo, na kwa kuwa ni kidogo ndiyo maana nakiamini: nilianza kugundua kwamba nimetoka. Slaidi zikaanza kusomeka. Bwana Respicius akawa anarudia chache, na baadaye chache zaidi, asiseme neno, na kwake kutosema neno kulikuwa sherehe. Hata ugomvi nilianza kuugundua mapema, ukiwa bado unapanda kifuani haujafika mdomoni.

Uani, lakini, Mama Koku alikuwa ameshaona kwamba sasa kimya ni cha watu wawili. "Amekushika," alisema, hakuniangalia. "Na wewe umekuwa wa kusinzia." Majirani wakalichukua jina. Nikipita dukani wanauliza, "Wasinziaji hamjambo?" Nilicheka nao. Sikujua kwamba mzaha ule unakusanya kuni.

Msimu wa senene ulikuwa umeanza dada Leokadia alipofanya kosa lake la pili, na lilikuwa kosa la wema. Alikuwa amelijua sharti la kuonja, lakini hakujua kwamba kahawa haiachwi kama mzigo. Alinunua kifurushi kwa ajili ya Mama Koku, akakuta mama yuko shambani, akakiweka jikoni juu ya chungu. Mama Koku aliporudi alimuuliza jirani nani kaweka, akajibiwa. Alikaa nacho, akakigeuza, akatambua kwamba jani lilifungwa na muuzaji anayemfahamu, akatafuna moja. Kesho yake alikuwa chini. Anatetemeka, anatapika, midomo imekauka, anasema neno moja tu: kahawa.

Nilipotoka kazini kuja kumwona, ua ulikuwa umejaa watu. Mlango wa dada Leokadia ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mwanamume mmoja jirani alisema aitwe mwenyekiti wa kijiji. Mwingine akasema mwenyekiti wa nini, sumu haina mwenyekiti. Kuna aliyekuwa ameshika fimbo ya kuchungia, na hakukuwa na ng'ombe. Nilijua uvumi wa namna ile unavyoishia, kila mtu pale alijua, na ndiyo maana hakuna aliyelitaja. Nami niseme lililokuwa moyoni mwangu: nilimwogopea dada Leokadia, na wakati huo huo sauti ndogo ikawa inaniuliza, na je, kama ni kweli? Nilizinyamazia zote mbili. Nikamwomba Mama Koku kidole, nikachukua damu, nikawaambia wale watu, "Tungojeni kipimo." Wakakubali kwa shingo upande.

Bwana Respicius alikuwa ameenda Nyakahanga kutafuta rangi ya slaidi, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nilipaka, nikakausha, nikatia rangi kidogo iliyobaki, nikainama. Hapakuwa na kitu. Nikasogeza, hapakuwa na kitu. Wingu lilikuwa linapita, mwanga unafifia kwenye kioo, na kichwani mwangu naona ile fimbo, naona mlango unavunjwa, naona sweta lake. Damu ikaanza kupita tena mbele ya jicho kama migomba dirishani. Nikagundua. Nimetoka. Nikaondoa jicho kwenye hadubini, nikaweka viganja magotini kama alivyokuwa akikaa, nikafuata pumzi, ikaingia, ikatoka. Nimerudi. Nikageuza kioo kuelekea upande angavu wa mbingu, nikainama upya, kipande kwa kipande, kama nilivyoipekua ile kahawa.

Alikuwepo. Pete moja, nyembamba, na kitone chake. Lakini tabia yangu haikulala hata hapo: Devota, unamwona, au unataka kumwona? Maana nilimtaka sana. Sikujibu. Niliendelea kutazama kana kwamba sina haja naye. Nikampata wa pili, kisha mwingine, wametawanyika mbali mbali, wachache, wa kutafutwa. Nikafunga mlango wa maabara slaidi ikiwa mahali pake, nikarudi uani nikasema, "Ni malaria."

Yule mwenye fimbo akasema, "Huyu si ndiye mwanafunzi wake wa kusinzia? Atasema nini kingine?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Neno langu halikuwa na thamani, na ningekuwa mimi kwenye nafasi yao nisingelipa thamani. Nilisimama mbele ya mlango wa dada Leokadia, nikasema, "Basi msiniamini. Mngojeni Bwana Respicius, aangalie yeye." Wangeweza kunisukuma. Nadhani kilichowazuia ni kusikia mtu anaomba ashukiwe.

Alifika na vumbi la barabara usoni, hakukaa, hakunywa maji. Alikwenda maabara, wawili kati yao wakamfuata. Alitazama muda mrefu. Kisha akainuka, akafuta miwani. "Shikeni adabu," aliwaambia. "Ni malaria. Wapo." Kwangu alisema kwa sauti ya chini, karibu kwa uchungu, "Hawa ni wa mtu aliyekaa." Uani, yule mwenye fimbo aliiegemeza ukutani, akaisahau pale, na baadaye Mama Koku akaifanya ya kuanikia nguo.

Mama Koku alipona. Baada ya dawa na uji aliweza kukaa kwenye kigoda, na nilikuwa nangoja aseme neno kuhusu dada Leokadia. Alisema. "Malaria ni malaria, sikatai. Swali ni nani aliituma." Nilikasirika hadi nikaacha kumenya ndizi. Naye dada Leokadia hakuwa tena yule yule. Alitembea kando kando ya ua, hakucheka, na asubuhi nilikuwa namsikia nyuma ya ukuta akilia badala ya kukaa kimya. Kabla ya mkaguzi kufika, mradi wao ulimwita aondoke.

Siku gari lake jeupe lilipokuja, majirani walitoka kuangalia, wale wale. Sanduku lilikuwa limeshapakiwa Mama Koku alipotokea jikoni, kitenge kimefungwa kifuani, mkononi ana kifurushi cha jani la mgomba. Hakusema shikamoo wala kwaheri. Alisimama katikati ya ua, mahali ambapo kila mtu anamwona, akafungua jani, akachukua kahawa moja, akaitafuna polepole, akameza. Kisha akamnyooshea. Dada Leokadia aliipokea kwa mikono miwili. Hakuila mara moja. Aliiweka kiganjani, akafumba macho, akakaa nayo. Watu walianza kugunaguna.

"Unaishuku?" aliuliza Mama Koku.

"Hapana, mama. Naitazama tu."

"Umefumba macho unatazama nini, waitu, mwenzetu?" Mama Koku akasonya, lakini hakuondoka mpaka kahawa ilipotafunwa.

Slaidi za mkaguzi nilizisoma zote sawasawa, na Bwana Respicius aliniandikia barua ya kwenda chuo. Dada Leokadia sikumwona tena. Nilisikia yuko Mbeya, nikasikia kaenda ng'ambo. Sijui nani aliyesema kweli. Na Mama Koku, miaka yote niliyomtembelea baadaye, hatukuwahi kulirudia jambo lile. Niliamini kwamba alikufa bila kubadilisha mawazo, na niseme kweli, kinyongo hicho nilikaa nacho hata pale mkekani, kaburini kwake.

Koku alimaliza kugawa kahawa, akaja kukaa karibu yangu, kikapu kimebaki kitupu. "Shangazi, hebu nikuulize," alisema. "Wewe uliishi na mama mimi nikiwa bwenini. Alikuwa na tabia moja. Akipata kahawa anaiweka kiganjani, anafumba macho, anakaa kimya muda mrefu. Hadi wiki ile aliyoanguka. Tulidhani anasali. Siku moja nikamuuliza, mama unasali? Akanijia juu: nasali nini, naichunguza."

Nilicheka, na wanawake wawili wakageuka kunitazama, maana msibani hapachekwi hivyo.

"Nikamuuliza kajifunza kwa nani," Koku akaendelea. "Akasema, kwa mgeni niliyetaka kumfukuza."

Nilikifungua kiganja. Kahawa yangu ilikuwa bado ipo, imelowa jasho. Nikaitazama, nikaipitishia kidole, nikainusa. Kisha nikafumba macho, yote mawili, katikati ya watu wale wote wa Omurushaka, nikaitia mdomoni.